Tuuzieni Garasa kwa Bei ya Garasa

Kwa Wakurugenzi,
Wizards of the Coast,
Renton, Washington,
Marekani.

KUH: OMBI LA MCHEZAJI MPYA KUTOKA WAA, KWALE

Waheshimiwa,

Kwanza pokeeni pongezi. Tangu Agosti 1993, mlipouingiza sokoni mchezo wa Magic: The Gathering uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield, mmefaulu katika jambo ambalo Pwani hii, pamoja na karne zake zote za biashara, haikuliwaza: kumuuzia mtu kilichofungwa, akifungue akiwa ameshalipa, akikuta sicho, arudi kununua kingine. Hasbro, walipowanunua ninyi mwaka 1999, nina hakika walifungua kwanza na kutazama ndani. Hawakujuta. Mwaka 2022 Magic iliwaingizia zaidi ya dola bilioni moja.

Mimi sina bilioni. Nina mpwa. Kwa mila ya zamani ya sisi Wadigo, mpwa humrithi mjomba, na huyu wangu, kijana wa sekondari, ameamua asinisubiri nife. Alinijia kwa adabu zote akasema, "Mjomba, ni mchezo wa karata tu."

Karata nazijua. Hapa Waa, ukiteremka matatu ya Likoni kwenda Ukunda saa za alasiri, hukosi baraza inayochapa karata. Seti nzima ya karata 52 dukani ni shilingi mia moja, mia mbili ukitaka za plastiki zisizolowa. Wanacheza wanne, wanatazama kumi, wanashauri wote. Seti hudumu mpaka ree ya shupaza itambulike kwa kona yake iliyokunjika. Anayefungwa hufungwa na mgao mbaya au na akili yake mwenyewe. Sijawahi kuona mtu akifungwa kwa sababu mwenzake alikuja na ree tano alizozinunua Mombasa.

Kwenu, nimeelezwa, huko ndiko kucheza vizuri.

Basi nikachukua kalamu nipige hesabu ya kuanza. Boksi la wanaojifunza mlilolitoa mwaka 2024 ni karibu dola 30, yaani kama shilingi 3,900. Si haba, nikasema. Lakini boksi halijui njia ya Waa. Tuseme nauli ya kifurushi kutoka Marekani ilingane na bei ya boksi lenyewe. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unatozwa juu ya vyote viwili, kisha juu ya jumla hiyo inakaa VAT ya asilimia 16, bila kutaja ada nyingine zinazoandamana nazo. Tumeshapita shilingi 11,000, na kijana bado hajachanganya karata. Sehemu hii siwalaumu ninyi. Serikali yetu nayo inapenda michezo.

Ila wenyeji wa mchezo wanasema boksi hilo ni la kujifunzia tu. Mwenye nia hujenga seti yake mwenyewe ya karata 60, na kila karata isipokuwa zile za ardhi za kawaida anaweza kuiweka mara nne. Hapo ndipo anaponunua pakiti: karata 14, nyingi za kawaida, na humo angalau moja iliyo adimu. Bei mliyoitangaza mwaka 2025 ni dola 5.49, au dola 6.99 kwa zile zilizovishwa hadithi za watu wengine. Hiyo ni shilingi 700 hadi 900, ujira wa siku nzima wa kibarua wa mjengo, kwa pakiti moja. Na kwa kuwa kijana anaitaka karata fulani mara nne, na hakuna ajuaye imejificha pakiti gani, hesabu yangu ilifika hapo ikakataa kufungwa.

Niliwauliza wajuzi. Wakanipa ushauri mmoja: usinunue pakiti kabisa, nunua karata mojamoja kwa wachuuzi. Waheshimiwa, ninyi ndio kampuni ya kwanza niliyopata kusikia habari zake ambayo wapenzi wake wakubwa wanawaonya wageni wasiinunue bidhaa yake.

Na hata ukizipata, zina muda. Katika mashindano yale mnayoyaita Standard, karata hutumika kama miaka mitatu, kisha husukumwa nje zije mpya. Nimejaribu kuutafakari mpango huu kwa upande wa wavuvi wetu, maana biashara nzuri haifai kuachiwa Wamarekani peke yao. Kuanzia msimu ujao wa kaskazi, samaki wa Waa na Tiwi wauzwe ndani ya pakacha la makuti lililoshonwa mdomo. Kila pakacha na samaki 14: simu kumi, tafi watatu, na mmoja adimu, changu au kolekole. Katika kila mapakacha saba au manane, nguru mmoja. Mama karanga, yule mkaanga samaki, akilifungua akakuta simu watupu, asinung'unike. Ni msisimko huo. Akitaka changu wanne wa kukaanga, anunue mapakacha mpaka watimie. Na ng'onda aliyemkausha mwaka juzi haruhusiwi tena chunguni, kwa maana ametoka kwenye mzunguko. Niliupeleka mpango huu kwa mama karanga mmoja wa jirani. Jibu lake haliandikiki kwenye barua rasmi, ila lilihusu pakacha, kichwa changu na mdomo wa kushonwa.

Jambo jingine ni la sheria. Vijana wetu wakikaa chini ya mkorosho na karata na sarafu za ishirini, gari la polisi likichungulia wanatawanyika, maana ile ni kamari. Sheria ya kudhibiti kamari ya mwaka 2025 haimtaki aliye chini ya miaka 18 hata karibu. Pakiti yenu imeandikwa kuanzia miaka 13. Nimeziweka shughuli hizi mbili bega kwa bega nitafute tofauti. Wa huku anatoa pesa bila kujua atapata nini. Wa huko anatoa pesa bila kujua atapata nini. Wa huku akilamba dume, sherehe. Akilamba garasa, anakopa acheze tena. Wa huko vilevile. Mawakili wenu watasema kila pakiti ina karata, kwa hiyo hakuna anayeondoka mikono mitupu. Ni kweli kabisa. Hata mkorosho hutoa kivuli. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba visanduku vya bahati katika baadhi ya michezo ya video ni kamari. Pakiti zenu za karatasi hazikuguswa, nami nawapongeza kwa kuchagua malighafi.

Mtaniambia kuna Arena, mchezo wenu wa simu, ambao kuanza ni bure. Hata kuingia Diani Beach ni bure; wanaouza ndio wanaokufuata mchangani. Karata za Arena haziuziki kwa mwingine, hazibadilishwi, wala haziazimwi kwa rafiki. Za barazani mtu akihama huwaachia wenzake.

Sasa nije kwenye deni, kwa kuwa mimi si mtu wa kuomba punguzo bila sababu. Mwaka 1996 mlitoa karata za Mirage, zilizojengwa juu ya bara la kubuni lenye sura ya Afrika. Humo mlimweka mnyonya damu anayeitwa Shauku, ndege-simba wa Ekundu, simba wa Mtenda, na watu na viumbe wenye majina ya Hakim, Rashida na Zuberi. Majina haya yote nikiyaita kwa sauti barabarani Waa, wawili watatu watageuka. Yametumika karibu miaka thelathini bila hata kilo ya mchele kutumwa. Karata zenyewe mmezichapa kwa Kijapani, Kijerumani, Kireno na lugha nyingine. Mmezichapa hata kwa Kifairexia, lugha ya madude ya chuma ambayo mmeyatunga wenyewe na ambayo hayana senti mfukoni. Kwa Kiswahili, hata moja. Naelewa: madude hayo hayaulizi bei.

Nimalizie na kilichonipa ujasiri wa kuandika. Novemba 2022, kusherehekea miaka thelathini ya mchezo, mliuza pakiti nne za karata 15 kwa dola 999. Humo zilimo nakala za karata za mwaka 1993, pamoja na Black Lotus, ambayo moja yake halisi iliuzwa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 500,000. Mlisema wazi kwamba nakala hizo hazikubaliki mashindanoni na mgongo wake ni tofauti. Na mnunuzi, kama kawaida, hakuchagua, alilamba.

Karata 60 zisizoruhusiwa mashindanoni, dola 999. Nikaenda saiba ya Kombani. Karata zenu tisa zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa A4. Karata 60 ni kurasa saba. Kuchapa nyeusi na nyeupe ni shilingi kumi ukurasa. Karata 60 zisizoruhusiwa mashindanoni, shilingi 70, na mteja anachagua zote. Msikasirike, mwaka 2016 mlitamka wenyewe kwamba hamna haja ya kuwaandama watu wanaojitengenezea karata za kujaribia, madamu si za biashara. Mimi sifanyi biashara. Nina mpwa.

Ombi langu basi ni fupi. Karata iuzwe ikiwa wazi, jina lake juu na bei yake chini. Dume kwa bei ya dume, garasa kwa bei ya garasa. Kama hilo haliwezekani, basi pakiti iandikwe ukweli, kwa herufi kubwa kama za kwenye sigara: GHARAMA YA KUANZA HAIJULIKANI, NA YA KUMALIZA HAIPO.

Mkikubali, nitaliagiza boksi la dola 30 na kodi yake nitailipa bila kusonya. Mkikataa, tutakwenda saiba, mpwa wangu na karata 60 azitakazo na mimi na zangu 60, zote adimu, zote za shilingi 70. Hapo tutajua kama kijana anajua kucheza, au alikuwa anataka kujua kununua.

Wasalaam,

Mchezaji Mtarajiwa,
Waa, Kaunti ya Kwale.

Nakala:
Hasbro.
Wasimamizi wa kamari, Nairobi.
Mama karanga (asomewe akiwa amekaa).