Namna ya Kupiga Chafya Chini ya Mjakaranda

Anza kwa kuuomba radhi mjakaranda. Kila mwaka, kati ya Septemba na Novemba, Nairobi huvaa zambarau, pua za watu huanza kuchuruzika majuma hayo hayo, na mti ukahukumiwa bila kusikilizwa. Naupenda mti huu, na nautetea hadharani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na kaskazini mwa Argentina, na maua yake ya mfano wa kengele yanawangoja nyuki. Chavua yake hunata mwilini mwa mdudu na kusafiri naye. Si ya kurushwa na upepo hadi puani mwako. Ua linalojipamba kwa rangi kiasi hicho lina mgeni wake maalumu, na mgeni huyo si wewe.

Sasa inama uangalie miguuni. Pale ndipo alipo mshtakiwa: ukoka, pamoja na jamii nzima ya nyasi. Umejaa kando ya barabara, kwenye viwanja vya mpira, nyuma ya kituo cha matatu. Mvua za vuli zikishaulowesha, huchomoza masuke membamba ambayo hakuna bwana harusi aliyewahi kupigia picha mbele yake. Nyasi hazimtegemei nyuki. Humwaga chavua hewani kwa wingi, zikauachia upepo kazi iliyobaki, na sehemu ya kazi hiyo huishia machoni mwako. Juu yake weka vumbi la kiangazi lililotangulia mvua, na misaiprasi iliyopandwa kwenye nyua za watu, ambayo nayo hutegemea upepo. Kwa hiyo jirani akija na panga kuumaliza mjakaranda kwa sababu ya chafya, mpokee kwa heshima, mpe chai, kisha umkabidhi fyekeo. Ukoka ukikatwa kabla ya kutoa masuke, mtaa mzima utapumua vizuri zaidi, na zambarau yetu itabaki.

Ushahidi wa kesi hii ni wa zamani. Daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, aliugua mafua ya mzio mwenyewe katika karne ya 19, wakati wengine wakilaumu joto na wengine harufu ya majani makavu. Alijitia chavua ya nyasi puani kwa makusudi, akaona dalili zinakuja. Kisha akarusha vishada vilivyobeba vioo vya kunasia chavua, apate kujua inapanda hadi wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Kila ninapomfikiria mzee yule na kishada chake, huku pua imemvimba, nataka kumshukuru. Alikubali kuteseka ili sisi tujue cha kukwepa.

Na kukwepa kwenyewe ni suala la saa. Siku kavu yenye upepo, hasa asubuhi, nyasi huwa kazini; matembezi yasubiri. Mvua nzuri ikishanyesha, hewa huoshwa, chavua hulala chini, na lami hubaki imetandikwa maua. Toka saa hiyo! Vaa miwani ya jua hata kama jua halijatoka, funika pua kwa barakoa kama hali yako ni kali, pita taratibu chini ya miti na utazame juu hadi shingo ichoke. Ukitaka kuketi, chagua benchi. Kutandika leso juu ya ukoka uliochanua ni kumpelekea adui uso wako.

Nasema mvua ikishanyesha, sisemi inapokuja. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi ilipiga mji wa Melbourne, Australia, katikati ya msimu wa chavua ya nyasi. Chavua ilipasuka ikawa chembe ndogo zinazofika hadi mapafuni, maelfu ya watu wakatafuta matibabu kwa kukosa pumzi, na watu kumi wakafariki. Wengine hawakujua kwamba wana pumu. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi linasukuma upepo wa baridi mbele yake, acha kupiga picha, ingia ndani ufunge madirisha.

Ukifika nyumbani, usikimbilie kochi. Shangazi akikunjua mikono kukukumbatia, mwambie, “Shikamoo shangazi, nipe dakika moja ninawe.” Nguo, kilemba na nywele vimebeba nyasi za mji mzima. Badilisha nguo, nawa uso, na usilaze kichwa kwenye mto kabla hujaosha nywele. Mashuka ya msimu huu nayo yasianikwe nje siku ya upepo.

Chafya yenyewe ipigie kwenye kiwiko, maana mkono bado una watu wengi wa kusalimia. Ukiwa na Waislamu, ukamshukuru Mungu baada ya chafya, watakuombea rehema. Ikipita ya tatu, adabu inawaruhusu kuhitimisha kwamba una mafua na kukuombea afya. Wenye mzio tunafika ya tatu mapema sana, na nadhani ni huruma kubwa kwamba jambo hili lilishafikiriwa.

Dawa zina adabu zake pia. Kidonge cha klorofeniramini, ambacho wengi wetu tunakiita Piriton, huzuia kazi ya histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho na makamasi. Lakini kinaleta usingizi. Ukikinywa asubuhi unaweza kuamka kituo cha mwisho cha matatu, na usikinywe kabisa ukiwa dereva. Setirizini na loratadini kwa kawaida huleta usingizi mdogo zaidi, ingawa wapo wanaosinzia kwa setirizini pia. Dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, kama beklometasoni, inahitaji siku kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, kwa hiyo muulize mfamasia mwisho wa Agosti, kabla hujaanza kulia. Elekeza mdomo wa chupa upande wa sikio, usiulenge ukuta wa kati wa pua. Yale matone ya kuzibua pua papo hapo yasizidi siku chache, la sivyo pua huzoea na kuziba zaidi.

Maji ya chumvi ni rafiki wa bei nafuu: robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha mililita 250, ukasafishe pua jioni. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Ya bomba moja kwa moja hayafai, kwa sababu yanaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo huvimudu lakini pua haivimudu.

Na kama mafua yako huja Julai, wakati wa baridi, pasipo ua wala suke, chunguza blanketi. Utitiri wa vumbi hukaa humo na kwenye mto. Fua kwa maji ya moto sana, uanike juani.

Ukisikia kifua kinapiga mluzi, au unashindwa kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, funga ukurasa huu. Hilo si la pua tena. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe pakiti za dawa zote ulizokwisha kunywa.