Nyanya Anakuja, Nunua Nyanya

Karatasi yenyewe ilikuwa kipande cha kalenda ya mwaka jana. Niliiacha mezani pamoja na noti ya mia mbili, nikaikandamiza kwa kopo la chumvi, maana nyumba zetu za mabati hapa Silanga zina nyufa ambazo upepo wa bwawani unazijua kuliko landilodi. Kijana wangu yuko Gredi ya 5 na hana simu, wala hatapata leo. Kwa hiyo nilimwandikia, kwa ule mwandiko wa kuunganisha niliofunzwa kwa kichapo: "Nyanya anakuja saa kumi. Nunua nyanya za hamsini na mkate."

Jioni nilimkuta mama yangu, aliyetoka Busia alfajiri, ameketi akitazama sufuria. Ndani mlikuwa na mfupa mmoja mkubwa na vipande viwili vya kitu ambacho mwenye bucha alikitoa kwa huruma tu. Nyanya hata moja hakuna.

"Si uliandika nyama?" kijana akaniuliza.

Nikachukua karatasi nimwoneshe, na hapo ndipo nami nikaona. Ukiunganisha herufi, "m" ni vilima vitatu, "n" ni viwili, na "y" ni kibonde chenye mkia. Mkia ukichoka njiani, "n" na "y" zinakumbatiana zinakuwa "m" nono. Mikia yangu ilichoka mara mbili kwenye karatasi moja.

"Sasa 'nyama anakuja' ndiyo nini?"

"Niliona umekosea ngeli, Baba. Nikanyamaza."

"Na 'nyama za hamsini'?"

"Hapo pia ulikosea. Ni nyama ya hamsini."

Yaani mtoto alisahihisha barua ya babake kimoyomoyo, akaipa alama, kisha akaenda bucha.

Mama akatoa miwani mkobani, akasoma yote bila kukwama hata mara moja. Nikajua nimepata wakili. Akairudisha mezani, akasema, "Lakini huku si kuunganisha, mwanangu. Huku ni kufunga mbuzi wa kupeleka sokoni."

Laiti mwalimu wangu wa darasa la nne angemsikia. Huyo alikuwa na rula ya mbao aliyoitumia kwa mambo mawili, kuchora mistari ubaoni na kupanga vidole vyetu. Aliyeinua kalamu katikati ya neno aliipata kwenye viungo vya vidole. Siku moja alitupa neno "mumunye" tuliandike mara hamsini. Hakuna aliyewahi kuliona mumunye, achilia mbali kulila, na ukiliunganisha ni milima mfululizo kama mtu anayetetemeka kwa malaria. Niliandika mara hamsini na mpaka leo sijui yapi kati ya hayo yalikuwa mumunye na yapi yalikuwa usingizi. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mimi nilikuwa nimeshapokea vyangu vyote.

Kisha, baada ya mateso hayo, nikaketi kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na karatasi karibu zote zikanitaka nipake kivuli kwenye visanduku kwa penseli. Ni insha na "composition" tu zilizouona mwandiko wangu, dakika arobaini kila moja, na kwa haraka ile hata mikia ya "y" ilikimbia ukumbini. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ikaenda na insha zake.

Darasani kwa kijana wangu herufi zinasimama moja moja, kila mtu na lake. Lakini rafiki yake wa kutoka mtaa wa Makina, anayesoma madrasa, alipoitazama karatasi yangu hakushtuka kuona herufi zimeshikana. Kwao hati haijui kuishi vingine. Alitueleza kwamba ni herufi sita tu za Kiarabu, kuanzia alifu hadi wau, zinazokubali kushikwa mkono na jirani wa kulia lakini hazimshiki wa kushoto. Kwenye ploti yetu ninao wapangaji wa namna hiyo, na ni zaidi ya sita. Nikakumbuka kwamba Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati hiyo muda mrefu kabla ya hizi herufi za Kizungu, kwa hiyo tunaojifanya kuunganisha ni jambo la kisasa tumechelewa sana.

Duniani nako hawajaelewana. Ufini iliacha kuwalazimisha watoto kujifunza mwandiko wa kuunganisha mwaka 2016. California, ziliko kampuni kibao za kompyuta, ikapitisha sheria mwaka 2023 kuurudisha shuleni, kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Mimi ningeomba watoto wafunzwe angalau kuusoma, ili siku nyanya akiandikwa wasimle. Kuuandika nako kuwe hiari, na rula ibaki ubaoni.

Nasema hiari kwa sababu ya sahihi yangu. Nilipofungua akaunti, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, niliweka sahihi ya kuunganisha yenye vitanzi vitatu na mkia wa tausi. Mwezi uliopita karani wa benki akaniambia hailingani na ninayoweka sasa. Akanipa karatasi nijaribu tena. Nikasimama pembeni nikijifunza kughushi sahihi yangu mwenyewe, huku askari wa mlangoni akinisogelea polepole. Kitanzi cha tatu ndicho kilichonishinda.

Mama alikaa wiki mbili. Kila jioni alimketisha mjukuu wake chini ya taa, kalamu mkononi, bila rula. Alipoondoka, Jumapili iliyofuata, nilirudi nikakuta karatasi chini ya kopo la chumvi. Kijana ameunganisha! Herufi zimelala upande mmoja, zimeshikana mikono vizuri: "Baba, niko kwa rafiki yangu. Usisahau kuninunulia ny—a." Hapo katikati palikuwa na kilima, bonde, na mkia uliochoka.

Nikasimama mlangoni nikiisoma kwa mwanga wa simu. Mwishowe nikaenda nikanunua nyama robo na nyanya za hamsini, niwe salama pande zote.

Alikuwa ameandika "nyaya". Za kutengenezea gari, kazi ya shule ya mtaala wa CBC. Ilitakiwa kesho yake asubuhi.