Karani Sungura na Madaftari Yasiyohesabika

Katika vilima vya Masisi, ambako jibini husafirishwa kupitia Sake hadi Goma, wanyama walianzisha ghala la maziwa. Kila asubuhi mwenye maziwa alileta bidoni yake, akapimiwa, akaandikiwa, na mwisho wa mwezi akalipwa. Karani alikuwa Sungura. Mpaza sauti alikuwa Kasuku wa kijivu kutoka misitu ya Walikale, anayerudia neno kwa neno analoambiwa. Nyani alitekeleza kila alichosikia kwa Kasuku.

Mwanzoni wateja walikuwa watatu. Sungura akamfungulia kila mmoja daftari lake, jipya kila mwezi, na kulipatia jina papo hapo kwa kuunganisha jina la mteja na la mwezi: Mbuzi-Machi, Kondoo-Machi, Ng'ombe-Machi. Mteja akifika, aliulizwa, "Jina lako nani?" Kisha Sungura alimwambia Kasuku, "Lete daftari la," akalibandika jina lile mwishoni.

Wateja wakafika 40. Mwaka uliofuata ukaisha na madaftari yasiyopungua 480. Mzee Kobe akauliza, "Mwaka huu tumepokea lita ngapi?" Sungura akaita daftari moja baada ya jingine kwa siku tatu, na hesabu bado haikutimia. Siku moja Mama Kondoo aliandikwa "Kondoo", siku nyingine "Mama Kondoo". Akawa na madaftari mawili, na malipo nusu. Walipotaka kuongeza safu ya maziwa yaliyoganda, walilazimika kuichora katika kila daftari, na mengine yakasahaulika.

Ndipo akaja Nguchiro na bidoni tupu.

"Jina lako nani, ndugu?"

"Ninaitwa Mbuzi, kisha choma madaftari yote."

Sungura akalipokea jina kama lilivyo. Kasuku akapaza sauti: "Lete daftari la Mbuzi, kisha choma madaftari yote!" Nyani akasikia amri mbili, akazitekeleza zote mbili. Saa sita mchana Mama Mbuzi alikuwa amesimama mlangoni, bidoni mkononi, akitazama majivu ya malipo yake ya mwezi mzima.

"Mzee, Nguchiro ametumaliza," Sungura akalia.

"Nguchiro ana hila," Kobe akajibu, "lakini mlango uliufungua wewe. Ulimwachia mgeni akumalizie amri yako."

Kobe akaleta daftari moja kubwa, akachora safu nne: namba ya mteja, jina, siku, lita. Kila mteja akapewa namba yake isiyobadilika. Nguchiro aliporudi na jina lake refu, Sungura aliliandika kwenye safu ya jina, likakaa humo kama wino mwingine wowote. Kasuku hakulitamka, Nyani hakulisikia. Na swali la lita likawa linajibiwa kabla uji haujapoa.

"Na tukihitaji kweli daftari la pili, Mzee?"

"Wazee watalipatia jina mchana kweupe, liandikwe ukutani. Kasuku asitamke jina lisilokuwa ukutani."

Ndugu unayeandika programu, Kasuku na Nyani wako ndani ya kila hifadhidata. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alieleza jinsi data inavyoweza kupangwa katika majedwali na kutafutwa kwa yaliyomo ndani yake. Basi mteja, mwezi na kijiji viwe safu, visiwe majina ya majedwali mapya. Ile alama ya nafasi (placeholder) unayoweka ndani ya amri hulinda thamani tu. Jina la jedwali haiwezi kulibeba, kwa hiyo wengi huliunganisha kwa mkono, na hapo ndipo Nguchiro hupita. Ukilazimika kuliunganisha, lilinganishe kwanza na orodha uliyoiandika mwenyewe. Fanya hivyo leo, wakati madaftari yako bado ni matatu.