Sifa za Saa Inayosikiliza Ujerumani

Hapa Masese, Jinja, nchini Uganda, hakuna mwenye shida ya kuamka. Wavuvi wa mukene, dagaa wetu, hukesha ziwani na taa zao usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi ikitoka dagaa hawaijali taa ya mtu. Waanikaji wa dagaa hulingoja jua. Sisi wengine tuna jogoo, muadhini na pikipiki za boda. Hapa hasa ndipo panapostahili kusifiwa saa ya kengele inayojirekebisha kwa redio, zawadi ya shemeji aliyerudi kutoka Ujerumani.

Sifa yake ya kwanza: haisikilizi maneno ya mtaani. Itie betri, nayo itakaa kimya ikisubiri mnara wa Mainflingen, karibu na Frankfurt, ulio hewani tangu 1959, unaotangaza saa kwa mawimbi ya kilohezi 77.5 yanayoongozwa na saa za atomu. Kila sekunde mawimbi hayo hulegea kwa muda mfupi, isipokuwa ile ya mwisho ya dakika. Kwa pengo hilo saa hujua dakika mpya inaingia. Elimu kubwa hiyo. Mnara husikika umbali wa kilomita 2,000 hivi, na Masese iko zaidi ya 5,000. Hilo saa haikuambiwa.

Basi kialama cha mnara kwenye kioo cha saa kinapepesa, kinapepesa, kinazima. Karatasi ya maelekezo inasema saa iwe mbali na televisheni na vyuma, dirishani, ikielekea mnara. Katika nyumba ya mabati, kukaa mbali na vyuma ni kulala uani. Tukaielekeza Gulu, maana Ujerumani iko njia hiyohiyo, ukiendelea mbele. Usiku wa manane, wakati mawimbi marefu yanaposafiri vizuri, huamka yenyewe kumtafuta Mjerumani, na asubuhi haina kinyongo. Na ingempata, ingetupa saa ya kwao, iliyo nyuma ya yetu kwa saa mbili, au moja wakati wa kiangazi chao.

Mwishowe unabonyeza kitufe cha nyuma bila kukiachia, unairekebisha kwa mkono. Jumatatu inabaki MO, Jumanne DI, kwa Kijerumani. Heshima ya asili hiyo, tumeiacha. Tangu hapo inategemea kijiwe chake cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sawasawa na saa ya plastiki ya sokoni Jinja, ila yetu ina shahada. Kwa mwezi hupotea sekunde chache, na sijasikia mashua ya Masese iliyomwacha mtu kwa sekunde chache.

Kengele tumeiweka 6:00, yaani saa kumi na mbili alfajiri. Huanza kwa adabu, halafu hupandisha sauti, na ukiinyamazisha hurudi baada ya dakika tano. Hakuna anayekasirika. Ikilia chai imeshachemka, na yeyote aliye karibu na meza huinyooshea mkono, kikombe kikiwa mkono wa pili.