Ukiugua chochote, pigwa Windows

Hapa Bariadi, peleka kompyuta kwa fundi ikiwa na ugonjwa wowote ule, jibu ni moja: ipigwe Windows. Haiwaki? Ipigwe Windows. Inazima yenyewe? Windows hiyo, mzee, imechoka. Hata ingeangukiwa na robota la pamba, angechomeka flashi kwanza ndipo aulize kulikoni.

Kompyuta ya steshenari yangu ni ya mezani, kongwe, na ina vituko. Asubuhi unabonyeza kitufe, kimya. Unaiacha kwenye soketi, unakunywa chai, unaitikia mwangaluka za mtaa mzima, ukirudi ukabonyeza tena, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Sasa jichanganye ufungue picha za pasipoti za familia nzima kwa mpigo. Pu! Giza. Na mteja anakutazama wewe, si kompyuta.

Fundi wa kwanza alichomoa RAM akazisugua kwa kifutio cha penseli. Kifutio sikidharau, kuna siku kinasaidia kweli, ila hiyo haikuwa siku yake. Wa pili akapiga Windows. Wa tatu akapiga Windows juu ya Windows ya mwenzake, akaisema vibaya ya mwenzake. Katibu wa AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, aliyekuja kutoa kopi tu, akashauri ninunue kompyuta mpakato. Msimu wa pamba kila mtu ana ushauri.

Aliyeipatia ni kijana anayetengeneza redio. Akaniamkia, akaketi, akauliza inaanzaje kuumwa. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameuliza! Kisha akatoa mita.

Akaanza na waya wa zambarau unaotoka kwenye boksi la umeme, yaani pawa saplai. Huo, alisema, hutoa volti 5 muda wote boksi likiwa kwenye soketi, hata kama kompyuta imezimwa, ili bodi ikae macho isikie kitufe. Wangu ukiwa wa baridi ulikuwa chini, halafu ukawa unapanda taratibu kadiri pawa saplai ilivyopata joto. Kumbe chai yangu ya asubuhi ilikuwa sehemu ya matibabu.

Akachomoa plagi ya bodi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Feni ikazunguka. Watazamaji (nao hawakosekani) wakapiga kelele: nzima hiyo! Kijana hakuwajibu. Feni kuzunguka kunathibitisha kwamba feni inazunguka, basi. Waya wa njano bila mzigo ulisoma 12 safi kabisa. Aliporudisha kila kitu mahali pake na kompyuta ikapewa kazi, ukashuka hadi 10.9, ikazima. Waya huo unaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6; chini ya hapo bodi haina wajibu wa kuvumilia.

Nikataka kulifungua boksi papo hapo. Akanishika mkono: ndani mna kapasita kubwa linaloweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Tulisubiri, akalitoa umeme kwa utaratibu wake, ndipo akafungua. Vumbi la kiangazi cha Simiyu lilikuwa limejaa humo kiasi cha kupanda choroko, na kapasita ndogo zilikuwa zimevimba vichwa. Sikushangaa. Umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo, na ile UPS iliyonunuliwa kwa ajili ya shida hiyo ilikufa betri zamani. Siku hizi naiwekea miguu.

Ubavuni pa boksi pameandikwa wati 500. Nililipima mkononi, jepesi kama andazi. Wati zingine labda zilibaki kiwandani.

Pawa saplai nyingine, ya mtumba, ilitoka Mwanza ikiwa kifurushi ndani ya basi, ikapitia Magu na Lamadi. Tangu ifungwe, picha za pasipoti natoa hata za ukoo mzima. Windows nimeiacha ile ile ya fundi wa tatu.

Huyo wa tatu ndiye aliyejitolea kunitupia pawa saplai ya zamani, kwa moyo mmoja, bila hata kudai nauli. Jumamosi nikaikuta juu ya meza yake, imepanguswa vumbi, imebandikwa karatasi: "Nzima. Bei maelewano." Mwalimu mmoja alikuwa ameshaishika, anauliza kama wati 500 zinatosha.