Makuti ya Dola

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wa majengo yake. Mapaa aliyoyataja yalikuwa ya majani. Hakuna aliyemwomba radhi.

Siku hizi, kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi, paa la makuti ni ushahidi wa ufukara. Mtu hujibana miaka mpaka apate bati; likishapigiliwa, mchana huhamia chini ya mwembe, maana ndani kunachemka. Joto si hoja. Hadhi imepanda.

Ufukweni nako, hoteli za watalii zimeezekwa makuti yale yale, ya mnazi ule ule. Huko hayaitwi umaskini, huitwa mandhari, na hulipiwa na wenye dola. Fundi anayeyaezeka, kwake ameweka bati.