Mbuzi Aliyetolewa Kisimani

Kulikuwa na Mbuzi huko Luwowoshi, katika Annexe, komini inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Mabomba ya maji hayafiki kila mtaa, kwa hiyo watu huchimba visima uani. Usiku mmoja wa Januari, mvua ikimwagika, Mbuzi akatumbukia. Akapiga kwato ukutani apande. Udongo mwekundu ukameguka, ukamwangukia machoni. Kadiri alivyojitahidi ndivyo maji yalivyozidi kuchafuka. Alfajiri mwenye kisima akashuka mwenyewe, akamfunga kamba kifuani, akamvuta mpaka viganja vikachubuka.

Kulipokucha Jogoo akapanda ukutani. "Mama Mbuzi, umeokoka! Sasa lala. Ukifanya kazi yoyote unamtukana aliyekutoa." Matope yalikuwa yangali yananuka mwilini mwa Mbuzi, na vifaranga vya Jogoo mwenyewe vilikuwa vinadonoa kandokando ya shimo lile lile.

Bata akaja na daftari lake la hesabu. "Yaya, hapa Annexe hakuna cha bure. Leta mafungu ya majani mpaka deni la kamba liishe."

"Nilipokuwa chini sikuwa na hata jani moja," Mbuzi akamjibu. "Na mwenye kamba hajanidai."

Akaenda kwenye tanuru la matofali, akaanza kuburuta tofali moja moja hadi kisimani. Jogoo akamwita mwasi. Bata akauliza, hilo ni la ngapi? Mbuzi hakuwa akihesabu. Alikuwa anawaza vile vifaranga. Kila jioni mwenye kisima alimwosha, akichambua matope yaliyogandia manyoya, na Mbuzi alirusha mateke kwa maumivu. Alitolewa kwa alfajiri moja, lakini kutakata kulimchukua msimu wote wa mvua.

Ugomvi wa Jogoo na Bata, yaani kama wokovu ni neema tu au hulipiwa kwa matendo, ulipasua kanisa la Ulaya tangu 1517. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja: Mungu humkubali mwanadamu kwa neema tu, kisha Roho humwezesha na kumwita atende mema. Wamethodisti, ambao Katanga inawajua vizuri, waliliunga mkono 2006. Nami nasimama hapo hapo. Mbuzi alielewa kuliko wale wawili, maana hakununua kamba, wala hakuliacha shimo wazi.

Msomaji wa Annexe, kama kisima chako hakina ukingo, kijengee kabla mvua za Novemba hazijashika.